MAJARINI YA KUSHUSHA KOLESTEROLI: DAWA, CHAKULA AU BIASHARA? NA IKIINGIA KWENYE KARAI JE?

Leo siasa naiweka pembeni. Nataka tuongelee kitu kinachoingia mdomoni, manake na chenyewe kina siasa zake, tena za hela ndefu.

Siku hizi kila ukigeuka unakutana na neno kolesteroli, au lehemu kama wanavyoiita wataalamu wa Kiswahili. Ukienda dukani, chupa ya mafuta imeandikwa haina kolesteroli. Ukifungua simu, kuna mtu anauza vidonge vya "steroli za mimea" vinavyosafisha mishipa ya damu. Ukiwa na ndugu Ulaya anakwambia kule kuna majarini ya kupaka kwenye mkate inayoshusha kolesteroli, tena serikali zao zimeikubali. Halafu anatokea mwingine na habari ya kinyume kabisa, kwamba hiyo hiyo majarini ukiipasha moto inageuka sumu. Sasa tumwamini nani?

Mi si daktari, nimeishia kidato cha sita. Ila baiolojia na kemia nilikuwa nazipenda, na kusoma hakujakatazwa. Nilichokiona ni kwamba hapa kuna madai matatu yamechanganywa kwenye sufuria moja:

1. Steroli za mimea zinashusha kolesteroli.
2. Kwa hiyo zinakukinga na mshtuko wa moyo.
3. Zikipashwa moto zinakuwa sumu.

La kwanza ni kweli. La pili halijathibitishwa. La tatu lina ukweli ndani yake ila limetiwa chumvi nyingi. Tuyachukue moja moja. Kama umelipia nusu saa tu ya kafe usihofu, itatosha.

STEROLI NI MDUDU GANI?

Tuanze na kolesteroli yenyewe. Ni kitu cha jamii ya mafuta kinachotengenezwa na miili ya wanyama, binadamu akiwemo. Si adui. Kila seli yako inaitumia kujengea ukuta wake, na mwili unaitumia kutengeneza homoni, vitamini D na nyongo. Shida ni ikizidi kwenye damu, hasa ile inayobebwa na chembe za LDL, ambayo watu wameipa jina la kolesteroli mbaya. Hiyo inajijenga kwenye kuta za ateri kidogo kidogo, miaka na miaka, bila maumivu, mpaka siku njia inaziba. Ikiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo. Ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi.

Mimea nayo ina ya kwake, na ndiyo tunaita steroli za mimea. Ziko za aina nyingi, maarufu ni beta-sitosteroli, kampesteroli na stigmasteroli. Ukichora umbo lake karibu na la kolesteroli utadhani ni mapacha, tofauti kubwa ni mkia mdogo pembeni. Zipo kwenye mafuta ya kula, karanga, ufuta, maharage, mahindi, mboga. Mtu wa kawaida anakula kama miligramu 200 hadi 400 kwa siku bila hata kujua.

Zinafanyaje kazi? Fikiria daladala ya Mbagala saa kumi na mbili asubuhi. Kolesteroli ikitaka kutoka kwenye utumbo kuingia mwilini lazima ipande vibebeo vidogo vidogo vyenye nafasi za kuhesabu. Sasa steroli za mimea zikija kwa wingi zinawahi viti. Kolesteroli inabaki kituoni, mwisho wake inatoka na choo. Utamu wa mambo ni kwamba hizo steroli nazo zikifika mlangoni hazipokelewi. Mwili unafyonza karibu nusu ya kolesteroli iliyo kwenye utumbo, lakini steroli za mimea unafyonza chini ya asilimia 5. Zinazopenya zinarudishwa nje na pampu maalumu iliyopo kwenye ukuta wa utumbo na kwenye ini. Hiyo pampu ikumbuke, tutairudia.

ILIANZIA WAPI

Habari hii si ngeni. Mwaka 1951 mtafiti D. W. Peterson alionyesha kwamba vifaranga waliolishwa kolesteroli pamoja na steroli za soya hawakupandisha kolesteroli kama wenzao. Miaka hiyo hiyo ya 1950 kampuni ya dawa ya Eli Lilly ya Marekani ikatoa dawa ya steroli iitwayo Cytellin. Ila ilibidi mgonjwa ameze gramu nyingi mno kwa siku, haikuwa kitu cha kufurahisha, na baadaye ikapotea sokoni.

Mchezo ulibadilika Finland. Kampuni ya Raisio ilipata njia ya kuzifanya steroli ziyeyuke vizuri kwenye mafuta, na mwaka 1995 ikatoa majarini iitwayo Benecol. Malighafi yake unaijua? Mti wa msonobari! Viwanda vya karatasi vinapochemsha mbao kuna mafuta yanabaki, na humo ndimo walimopata steroli, wakazibadili kidogo zikawa stanoli. Yaani mabaki ya kiwanda cha karatasi yakawa chakula cha bei mbaya. Hapo lazima uwavulie kofia, wale jamaa wana akili ya biashara.

Mwaka huo huo 1995 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 153 wa Karelia Kaskazini, huko huko Finland, waliofuatiliwa mwaka mzima. Waliokula majarini ya stanoli kolesteroli yao ilishuka kwa karibu asilimia 10, na LDL kwa karibu asilimia 14. Baada ya hapo vilio vya wateja vikasikika Ulaya nzima. Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ukairuhusu Unilever kuuza majarini yake yenye steroli, ile ya Flora na Becel pro.activ.

Hapa kuna kitu kinatugusa. Unilever hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na Blue Band, ile tuliyokua tunapaka kwenye mkate na chai ya rangi. Mwaka 2018 waliuza biashara yao ya majarini kwa wawekezaji wa KKR, ikaitwa Upfield, na mwaka 2024 ikabadili jina kuwa Flora Food Group. Sasa usinielewe vibaya. Sijasema Blue Band unayoijua ndiyo dawa ya kolesteroli. Majarini yenye steroli za kuongezwa ni bidhaa ya peke yake, na kule Ulaya kopo lake linatakiwa liandikwe hivyo wazi.

KWELI INASHUSHA. LAKINI INAOKOA?

Hapa ndipo penye kiini, naomba msome taratibu.

Utafiti mwingi umefanyika tangu 1995 na majibu yanafanana. Ukila gramu 2 hivi za steroli au stanoli kila siku, pamoja na chakula, LDL inashuka kwa asilimia 8 hadi 10. Ukiacha, inarudi ilikokuwa. Hilo halina ubishi.

Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukaruhusu watengenezaji waandike kwenye makopo yao maneno ya aina hii: kwanza, steroli za mimea zimeonyeshwa kushusha kolesteroli. Pili, kolesteroli nyingi ni kihatarishi cha ugonjwa wa moyo. Umeona ujanja? Ni sentensi mbili, zote za kweli. Ila wewe msomaji kichwani mwako unajitungia ya tatu, kwamba majarini hii itanizuia nisipate mshtuko wa moyo. Hiyo ya tatu haijaandikwa popote kwenye kopo. Haijaandikwa kwa sababu hakuna jaribio lililoionyesha.

Dawa za statini, zile za hospitali, zilipimwa kwa maelfu kwa maelfu ya watu kwa miaka, kundi moja likapewa dawa, kundi jingine likapewa kidonge kisicho na kitu, wakahesabu nani kapata mshtuko wa moyo na nani kafa. Statini zikashinda. Majarini ya steroli haijapita mtihani huo. Jaribio kama hilo linataka watu wengi, miaka mingi na mapesa, na sheria ya chakula hailazimishi. Kampuni inaweza kuuza kwa kuonyesha kipimo cha damu tu. Sa wewe kama ndiye mwenye kampuni, ungetoa hela ya kujitafutia jibu ambalo linaweza kukuharibia biashara? Mi nadhani jibu tunalijua.

Na wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2014 taasisi ya NICE ya Uingereza iliwaambia madaktari wasiwashauri wagonjwa kutumia steroli au stanoli kwa ajili ya kujikinga na magonjwa ya moyo na mishipa. Mwaka huo huo shirika la usalama wa chakula la Ufaransa, ANSES, likasema ushahidi kwamba zinapunguza magonjwa ya moyo haupo. Lakini mwaka 2019 vyama vya madaktari wa moyo wa Ulaya vikasema kwamba steroli gramu 2 kwa siku zinaweza kufikiriwa kwa baadhi ya watu, pamoja na kubadili mtindo wa maisha. Wote wamesoma tafiti zile zile! Tofauti yao ni swali wanalouliza. Mmoja anauliza je, kipimo kimeshuka? Mwingine anauliza je, mtu amepona?

Na tusisahau Karelia Kaskazini yenyewe. Miaka ya 1970 wanaume wa Finland walikuwa wanaongoza duniani kwa kufa na magonjwa ya moyo. Mwaka 1972 ukaanzishwa mradi mkubwa, kiongozi wake Pekka Puska. Watu wakaambiwa wapunguze siagi, maziwa yenye mafuta mengi, chumvi na sigara, wale mboga zaidi, wapime presha. Vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vikashuka kwa zaidi ya nusu. Ilipofika 1995, majarini ya Benecol ndiyo kwanza inaingia dukani. Kazi kubwa ilishafanywa na mchicha na kuacha fegi, wadau.

"HII NI YA MIMEA, HAINA MADHARA"

Nina mama mdogo yuko Tanga. Alipimwa akaambiwa kolesteroli yake iko juu, presha nayo iko juu, akapewa dawa na akaambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Katikati ya hiyo miezi, mwenzake wa kwenye kikundi cha vikoba akamuuzia kopo la vidonge vya steroli za mimea. Akaambiwa dawa za hospitali zinaharibu ini, hizi za asili ndiyo mpango mzima. Akaacha dawa. Hela ya kopo ilitoka kwenye mtaji wake wa kuuza vitenge.

Nilipomuuliza alinijibu kwa upole tu, "Mwanangu, hii ni ya mimea, haina madhara." Nikamwambia, "Shikamoo mama, lakini hata tumbaku ni ya mimea." Alicheka, ila dawa hakurudia mpaka alipokwenda kupima tena na kukuta kipimo kimepanda. Daktari akamrudisha kwenye dawa.

Sasa hesabu ni hii. Statini kwa kawaida inashusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50, kutegemea aina na kipimo. Steroli ni asilimia 8 hadi 10. Ukiacha ya kwanza ukashika ya pili umebadilisha ng'ombe kwa kuku. Kama ungeziongeza juu ya dawa, kwa ruhusa ya daktari, hapo walau kuna hoja. Lakini kuziweka badala ya dawa ni kucheza na roho yako.

Na hilo la "haina madhara" lina majibu yake. Mwaka 1974 watafiti Bhattacharyya na Connor wa Marekani walieleza ugonjwa ambao haukujulikana, waliouona kwa ndugu wawili wa kike. Damu yao ilijaa steroli za mimea, na walikuwa na uvimbe wa mafuta kwenye kano za miguu na mikono. Ugonjwa huo unaitwa sitosterolemia. Unakumbuka ile pampu ya kurudisha steroli nje? Wenye ugonjwa huu pampu yao imeharibika kwa kurithi, kwenye jeni ziitwazo ABCG5 na ABCG8, zilizotambuliwa miaka ya 2000 na 2001. Mboga na mafuta ambavyo kwako ni chakula, kwao vinajaza damu, na baadhi yao wanapata ugonjwa wa moyo wakiwa bado vijana. Ni ugonjwa wa nadra sana, usianze kujipapasa kano hapo kwenye kiti. Lakini umetufundisha kwamba mwili una sababu ya kuzifukuza steroli hizi.

Mwaka 2020 European Heart Journal ikachapisha utafiti uliotumia takwimu kubwa za vinasaba, zikiwemo za watu wa Iceland. Walikuta kwamba watu waliozaliwa na pampu dhaifu kidogo, si mbovu kabisa, wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo, na hatari hiyo inazidi kile ambacho LDL peke yake ingeeleza. Haimaanishi kwamba majarini inaua. Ila inamaanisha neno "asili" si leseni.

Watunga sheria wa Ulaya nao walishaliona. Tangu 2004 kopo la majarini hiyo linatakiwa limwambie mnunuzi asizidishe gramu 3 za steroli kwa siku, aliye kwenye dawa za kolesteroli atumie chini ya usimamizi wa daktari, na kwamba huenda haifai kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 5. Pia linatakiwa limkumbushe kula matunda na mboga, manake steroli nyingi zinapunguza ufyonzaji wa karotini, ile kitu ya karoti na maembe ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Mwaka 2013 wakaongeza kwamba bidhaa hii si ya mtu asiye na haja ya kudhibiti kolesteroli. Ebu linganisha na yule wa vikoba. Kuna hata moja kati ya hayo alilomwambia mama mdogo?

SASA TUINGIE KWENYE KARAI

Haya, dai la tatu. Steroli, iwe ya mnyama au ya mmea, ikikutana na hewa, mwanga na hasa moto, inashambuliwa na oksijeni. Ni kama bati linavyoshika kutu. Wataalamu wanasema imeoksidika. Kinachozaliwa hapo ni vitu vipya, kwa mfano sitosteroli inatoa kitu kiitwacho 7-ketositosteroli. Moto ukiwa mkali na muda ukiwa mrefu, vinaongezeka.

Kwa nini watu wanaogopa? Kwa sababu ndugu yake, kolesteroli iliyooksidika, inakutwa kwenye ule utando unaoziba ateri, na maabara inaonyesha inaweza kuumiza seli. Mwaka 1987 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya mtafiti M. S. Jacobson aliyepima samli ya Kihindi na kukuta kolesteroli iliyooksidika kwa wingi, wakati kwenye siagi mbichi hakuiona. Akauliza kama hiyo ndiyo inaweza kueleza kwa nini wahamiaji wa Kihindi walikuwa wanapata sana magonjwa ya moyo. Ilikuwa dhana, si hukumu. Lakini sisi wa pwani na pilau zetu za samli tunayo haki ya kusikiliza.

Basi swali likaja, je, na steroli za mimea ziko hivyo hivyo? Majibu mpaka sasa ni haya. Ukizimwaga zilizooksidika kwenye seli ndani ya kisahani cha maabara, kwa kiasi kikubwa, zinaumiza seli. Kwa wanyama matokeo yanapingana, wengine wameona madhara, wengine hawajaona. Kwa binadamu hakuna ushahidi wa moja kwa moja kwamba kuna mtu ameumwa moyo kwa sababu yake, na kiasi kinachopatikana kwenye damu ni kidogo sana.

Kwenye habari hii likaja tukio la mwaka 2020. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliombwa ichunguze kama majarini na mafuta yenye steroli za kuongezwa yanaweza kuuzwa pia kwa ajili ya kupikia na kuoka, si kupaka tu. Wataalamu wakaangalia ni kiasi gani cha steroli zilizooksidika mtu angekula kwa njia hiyo. Jibu lao: usalama wa matumizi hayo haujathibitishwa.

Tega sikio hapo. "Usalama haujathibitishwa" si sawa na "imethibitishwa ni sumu". Hao wanaosambaza ujumbe wa sumu wamegeuza maneno. Lakini na upande wa pili wasituchezee. Wenye bidhaa wanapenda kusema "hakuna ushahidi wa madhara", kana kwamba kutokuwepo ushahidi ni cheti. Chakula kipya kikija, mwenye kukileta ndiye mwenye kazi ya kuonyesha ni salama. Mlaji hana kazi ya kuonyesha kwamba kimemuua. Huo ndio msimamo wa EFSA, na mi naona ni wa haki kabisa.

Kwa hiyo kama una ndugu Ulaya anakutumia hilo kopo, mwambie lipakwe kwenye mkate. Kukaangia mayai humo ni kupoteza hela na kujitafutia wasiwasi wa bure.

NA MAFUTA YETU JE?

Kuna jamaa ameandika mtandaoni kwamba sisi tusihangaike na majarini, tunywe tu mafuta ya alizeti, yana steroli kibao. Tufanye hesabu ya darasa la tano. Kwa viwango vya kimataifa vya Codex, kilo moja ya mafuta ya alizeti ina steroli miligramu 2,400 hadi 5,000. Ya mahindi ina 7,000 hadi 22,100. Ya ufuta ina 4,500 hadi 19,000. Ya mawese ina 300 hadi 700 tu. Sasa ukitaka gramu 2 kwa siku kutoka kwenye alizeti ya Singida, itabidi unywe kati ya gramu 400 na 830 za mafuta. Kila siku! Kabla kolesteroli haijashuka tumbo litakuwa limeshakukimbiza chooni mara kumi. Mafuta ya alizeti ni mazuri, lakini uzuri wake mkubwa unatokana na aina ya mafuta yenyewe, yasiyoganda, ukiyatumia badala ya yale yanayoganda.

Na ile lebo ya "haina kolesteroli" kwenye chupa? Mafuta ya mimea yote, ya alizeti, ya mawese, ya nazi, kwa kawaida hayana kolesteroli ya kuhesabika, kwa sababu mmea si mnyama. Ni sawa na mtu akuuzie maji akakwambia hayana mifupa. Mafuta ya mawese hayana kolesteroli, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, ambayo yakizidi yanapandisha LDL yako. Lebo haijasema uongo, imekujibu swali ambalo hukuuliza.

Halafu karai. Vijana wenzangu tunaishi kwa chipsi mayai, hilo tusifichane. Mafuta yakikaangia asubuhi, mchana, jioni, yakalala, yakaamkia kazini kesho yake, steroli zake zinaoksidika kweli. Lakini steroli ni chini ya asilimia 1 ya mafuta ya alizeti. Hiyo nyingine yote nayo inavunjika, na ndiko kwenye tatizo kubwa zaidi. Nchi kadhaa za Ulaya zina kikomo cha kisheria, vile vitu vinavyotokana na kuvunjika kwa mafuta vikifika karibu asilimia 25, mafuta yanamwagwa. Sisi wa mtaani hatuna kipimo hicho, ila tuna macho na pua. Mafuta yamekuwa meusi, mazito kama asali, yanatoa povu lisiloisha, yanafuka moshi mapema na yanakwaruza koo, hayo yamekufa. Ukiyaongezea mapya juu hujayafufua.

MTAZAMO WANGU

Kwanza, serikali. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula Tanzania yako chini ya TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba. Kopo linalosema linatibu kolesteroli limejiita dawa lenyewe, basi liulizwe maswali ya dawa. Ukiona mtu anauza kopo kama hilo na anawaambia wagonjwa waache dawa, hao ndio wa kuwapelekea taarifa.

Pili, bei. Majarini ya steroli ni jibu la watu wenye hela, maduka makubwa na friji. Kwetu jibu la bei nafuu lipo tayari: maharage, kunde, karanga, mchicha, matembele, kutembea kwa miguu, kuacha sigara, na kupima presha. Hizo ndizo zilizofanya kazi Karelia kabla ya msonobari kuingia kwenye mkate.

Tatu, dawa. Magonjwa ya moyo na mishipa ndiyo yanayoongoza kwa kuua duniani. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa maneno ya kwenye kikundi. Kama zinamsumbua, arudi kwa aliyemwandikia, zipo aina nyingine.

Nne, sisi tunaosoma. Mtu akikuletea habari ya afya muulize maswali mawili tu: kilichobadilika ni kipimo au ni maisha ya mtu? Na hiyo "haijathibitishwa" imesema ni salama, ni sumu, au bado? Ukizoea maswali hayo wauza makopo watakukimbia.

Haya wadau, mi nimemaliza, uwanja ni wenu. Madaktari na wanafunzi wa famasia mliopo humu, kama kuna mahali nimekaza kamba kupita kiasi semeni. Wauza chipsi nao waje: mnabadilisha mafuta baada ya siku ngapi, na lita ishirini inawatoka shilingi ngapi? Manake nina wasiwasi kwamba bei ya mafuta ndiyo inayoamua afya zetu kuliko elimu yoyote ninayoandika hapa. Tiririkeni kwenye maoni, matusi hapana.